Kaka yangu hakusomewa haki zake polisi: je, maelezo aliyosaini yatafutwa?

Swali: Shikamoo wakili. Kaka yangu ni mlinzi wa ghala la saruji hapa Morogoro. Mwezi uliopita ghala lilivunjwa usiku. Walinzi wenzake na mgambo wakamshika mnamo saa 3 usiku, wakampitisha ofisini kwa mtendaji wa kata, baadaye polisi wakaja kumchukua. Kesho yake asubuhi akasaini maelezo ya kukiri. Anasema hakuna aliyemsomea haki zake kama tunavyoona kwenye filamu za Kimarekani. Yuko nje kwa dhamana na kesi inaanza kusikilizwa karibuni. Je, itafutwa? Na kwa nini sheria yetu isiwalazimishe polisi kusoma haki hizo? Mume wangu anasema kufanya hivyo ni kuwabeba wezi.

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na majibu mafupi, maana najua tarehe ya mahakama haisubiri. Kesi haitafutwa kwa sababu tu kaka yako hakusomewa haki zake. Kinachoweza kufutwa ni ile karatasi aliyosaini, na ikiwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, haina ushahidi mwingine wa maana, karatasi ikiondoka kesi inabaki mifupa mitupu. Ama kuhusu kuwalazimisha polisi, sheria hiyo tunayo tangu 1985. Imo ndani ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, na kwa baadhi ya mambo inadai kuliko wanavyodai Wamarekani. (Naongelea Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya mwenendo wa jinai.) Namba za vifungu nitaziacha, wakili wako atazipata kwa dakika mbili.

Filamu zinatudanganya kidogo. Mle pingu zinafungwa na maneno yanaanza kumiminika hapo hapo barabarani. Hata huko Marekani sheria haidai hivyo: wajibu unaanza pale mtu yuko chini ya ulinzi na polisi wanataka kumhoji. Wakimkamata wasimuulize kitu, hawana la kumsomea. Kwetu pia mambo ni mawili. Mtu anapokamatwa anatakiwa aambiwe anakamatwa kwa kosa gani. Mengine yanakuja kabla ya swali la kwanza: askari ajitaje jina na cheo chake, amweleze mtuhumiwa kwa lugha anayoimudu kwamba yuko chini ya ulinzi na kwa kosa lipi, amwonye kwamba halazimiki kujibu swali lolote isipokuwa la jina na anuani yake, na amjulishe kwamba anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Onyo hilo litolewe kwa maandishi, na ikiwezekana kwa mdomo pia. Angalia mpangilio huo: maandishi ni lazima, mdomo ni pale inapowezekana. Bunge la 1985 liliiamini sana karatasi, na shida yetu kubwa inaanzia hapo.

Karatasi yenyewe ndiyo tunayoiita maelezo ya onyo. Ukipata nakala ya kaka yako, soma ukurasa wa kwanza taratibu. Karibu zote zinaimba wimbo mmoja: mimi, namba fulani, Koplo fulani, nakuonya wewe fulani kwamba unatuhumiwa kwa kosa la kuvunja na kuiba, hulazimishwi kusema neno lolote isipokuwa kwa hiari yako mwenyewe, na lolote utakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa mahakamani kama ushahidi, unayo haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki wakati unatoa maelezo yako. Chini yake sahihi au dole gumba. Kisha swali: je, uko tayari kutoa maelezo? Na jibu: ndiyo, niko tayari kutoa maelezo yangu peke yangu bila kuwepo wakili wala ndugu. Nimesoma majalada mengi. Muuza samaki, mwalimu, dereva wa bodaboda, kijana aliyeishia darasa la nne, wote wanajibu kwa sentensi hiyo hiyo, kwa mwandiko wa askari, na ukiwafuata kwa karatasi utadhani nchi nzima imegombana na ndugu zake.

Kwa hiyo kaka yako akisimama mahakamani aseme hakusomewa haki, wakili wa serikali atainua karatasi: sahihi hii ni ya nani?

Yule ambaye jina lake limebaki kwenye haki za kwenye filamu, Ernesto Miranda, alikutana na kitu hicho hicho. Alikamatwa Phoenix, Arizona, Machi 1963, akahojiwa kwa takribani masaa mawili, na polisi wakatoka na ungamo lililosainiwa. Juu ya ungamo hilo palikuwa na aya iliyokwisha kupigwa chapa, ikisema kwamba ametoa maelezo kwa hiari na akizijua vyema haki zake za kisheria. Mahakamani polisi wenyewe wakakubali kwamba hawakumwambia ana haki ya kuwa na wakili. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji watano dhidi ya wanne, ikakataa ungamo hilo. Aya ya chapa, ikasema, haitoshi kuonyesha kwamba mtu alizijua haki zake na akaamua kuziacha. Mwambie na mumeo kilichofuata, maana filamu hazisemi: Miranda hakwenda zake nyumbani. Alishtakiwa upya 1967 bila ungamo lile na akatiwa hatiani tena.

Wanaodhani maneno yale yanafunga watu midomo nao watulie. Tafiti za huko zimeonyesha kwamba takribani watuhumiwa wanne kati ya watano husomewa haki zao, kisha wakaongea. Huku kwetu sababu haihitaji utafiti. Kijana amekaa kwenye benchi, mkanda na kamba za viatu vimebaki kaunta, mbele yake yuko afande mwenye uwezo wa kumpa dhamana au kumrudisha mahabusu. Anaambiwa hulazimiki kusema. Lakini amelelewa akijua kwamba mkubwa akikuuliza ukanyamaza, huo ni ujeuri, na ujeuri kituoni una malipo yake. Basi anaongea. Akianza kusita, huja ile sauti ya upole ambayo mawakili tunaiogopa kuliko makofi: sema tu ukweli mdogo wangu, tumalize, urudi nyumbani.

Ndiyo maana nikipokea jalada, kabla ya kutafuta maneno ya onyo natafuta saa. Sheria inawapa polisi masaa manne ya kumhoji mtu, kuanzia pale alipowekwa chini ya ulinzi kwa kosa hilo. Afisa anayesimamia upelelezi anaweza kuongeza hadi masaa manane, na hakimu anaweza kuombwa aongeze. Muda wa safari ya kwenda kituoni hauhesabiwi, wala ule wa kumsubiri wakili au ndugu afike. Sasa kaka yako alishikwa saa 3 usiku. Tuwape polisi saa nzima ya safari: masaa manne yanakwisha saa 8 usiku. Kama maelezo yanaonyesha yalianza kuandikwa saa 4 asubuhi kesho yake, na hakuna popote palipoandikwa kwamba muda uliongezwa, yako nje ya muda. Mahakama ya Rufani imeyaondoa maelezo ya aina hiyo kwenye kumbukumbu mara nyingi, hata katika kesi za mauaji.

Usishangilie mapema, hata hivyo. Jamhuri itasema saa ihesabiwe tangu polisi walipomchukua kwa mtendaji, wala si tangu alipokamatwa na walinzi wenzake. Itasema pia kwamba usiku ule askari walikuwa bado wanazunguka naye kutafuta mali, na Mahakama ya Rufani imewahi kukubali sababu kama hiyo pale ilipoelezwa vizuri. Kwa hiyo mkumbushe kaka yako aandike leo, kabla hajasahau: gari la polisi lilifika saa ngapi, alizungushwa wapi, alifungiwa saa ngapi, aliitwa saa ngapi kutoka mahabusu. Linganisha na saa zilizoandikwa kwenye maelezo, mwanzo na mwisho. Nimeona maelezo ya kurasa saba yaliyoandikwa kwa mkono ndani ya dakika ishirini. Hakimu yeyote aliyewahi kuandika mwenendo wa kesi kwa kalamu anajua hilo haliwezekani.

Lakini hapo kwa mtendaji ndipo ninapomhofia zaidi kaka yako.

Watu wengi nchini humu hawakamatwi na polisi. Wanakamatwa na majirani, mgambo, sungusungu, mwenyekiti wa mtaa. Polisi wanapofika, mahojiano ya kweli yameshafanyika, bila onyo, bila saa, bila karatasi, mara nyingine na kundi la watu nje ya mlango likisubiri jibu. Na sheria ya onyo haimgusi mtendaji, kwa sababu inamtaja askari polisi. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba ungamo la mdomo mbele ya mashahidi wa kuaminika, wawe raia au la, linaweza peke yake kutosha kumtia mtu hatiani, mradi mtuhumiwa alikuwa huru alipolisema. Maana yake ni kwamba mnaweza kushinda vita vyote vya ile karatasi, kisha mtendaji akapanda kizimbani na kusema: mbele yangu alikiri kwamba yeye ndiye aliyewafungulia wezi geti. Muulize kaka yako alisema nini mle ofisini, nani walikuwepo, na kama alikuwa ameshapigwa. Kauli inayotolewa na mtu aliyezungukwa na watu wenye marungu si ya mtu huru, na mahakama hulisikia hilo likielezwa na shahidi. Likielezwa na mshtakiwa peke yake, tena kwenye utetezi, husikika kama visingizio.

Turudi kwenye polisi. Wakiruka onyo inakuwaje? Hapa sheria yetu inalegea. Inamwachia hakimu uamuzi: apime kosa ni zito kiasi gani, taratibu zilikiukwa kwa kiasi gani na kwa makusudi au la, na kama ushahidi ule ungeweza kupatikana kihalali. Upande unaotaka ushahidi upokelewe ndio wenye mzigo wa kumshawishi, hilo ni jema. Sheria ya Ushahidi nayo inaitaka Jamhuri ithibitishe kwamba ungamo lilikuwa la hiari. Lakini humo humo kuna kifungu kinachosema ungamo halitakataliwa kwa sababu tu mtu alitishwa au aliahidiwa kitu, ila kama kitisho au ahadi hiyo ingeweza kumfanya akiri uongo. Kifungu hicho sikipendi na sijawahi kukipenda. Kinamfundisha mpelelezi kwamba kutisha kunavumilika ukibahatika kumpata mwenye kosa. Ongeza na uamuzi wa zamani wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki wa 1967, katika rufaa iliyotoka Uganda, ambao mahakimu wetu bado wanaunukuu: ungamo lililokanwa lichukuliwe kwa tahadhari na litafutiwe ushahidi wa kuliunga mkono, lakini mahakama ikiridhika kwamba ni la kweli inaweza kumfunga mtu kwa hilo peke yake.

Sasa nimjibu shemeji. Hoja yake si ya kipuuzi. Aliyeibiwa naye ana haki, na ukimwambia kila mwizi anyamaze, nani atasema mali iko wapi? Ila aende siku moja akasikilize rufaa za jinai. Atakuta mtu aliyefungwa miaka thelathini kwa unyang'anyi wa kutumia silaha anaachiwa, si kwa kuwa majaji wameona hana hatia, bali maelezo ya onyo yameondolewa kwa kuandikwa nje ya muda, na nyuma yake hakukuwa na kitu. Upelelezi wote ulikuwa umeegemea karatasi moja. Hakuna aliyetafuta alama za vidole kwenye kufuli, hakuna aliyeuliza gari lililobeba saruji lilikuwa la nani. Anayembeba mwizi ni mpelelezi aliyeridhika na ungamo kisha akaliandika vibaya. Onyo likitolewa sawasawa, saa zikaandikwa kwa ukweli, ndugu akawepo, karatasi hiyo inamlinda mwenye ghala kuliko inavyomlinda kaka yako.

Na historia yetu wenyewe inamsuta kidogo. Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, ambayo Waingereza waliileta Tanganyika, ilikataa katakata ungamo lililotolewa kwa polisi. Sheria yetu ya 1967 ilianza na msimamo huo huo. Ni marekebisho ya 1980 yaliyofungua mlango kwa ungamo la hiari mbele ya askari, na miaka mitano baadaye ndipo zikaja taratibu za onyo, masaa na ndugu. Mimi nazisoma kama bei tuliyokubaliana: polisi wapewe ungamo, lakini wafuate masharti. Anayesema masharti ni mzigo basi akubali turudi kule ambako polisi hawakuwa na ungamo kabisa.

Wakenya hawakuwa mbali na huko. Katiba yao ya 2010, ibara ya 49, inataka aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa, haki yake ya kukaa kimya, na matokeo ya kutokaa kimya. Katiba yetu haina maneno hayo. Inalinda utu wa mtu wakati wa upelelezi na inakataza mateso, haki ya kukaa kimya imeachiwa sheria ya Bunge. Hata hivyo wivu wangu kwa Kenya hauko kwenye Katiba. Uko kwenye Sheria yao ya Ushahidi, inayosema ungamo halipokelewi ila limetolewa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi asiyepeleleza kesi hiyo, mwenye cheo kisichopungua Inspekta, na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa mwenyewe awepo. Tazama wamefanya nini: mwandishi wa ungamo wamemtenga na mwenye hamu ya ungamo, na ndugu wamemweka mezani kwa nguvu ya sheria. Kwetu ndugu anatajwa kama haki ya kuwasiliana naye ukiomba, na afisa anaweza kukataa ndugu au rafiki asiwasiliane na mtuhumiwa akihofia wenzake watatoroka au ushahidi utaharibiwa. Magereza ya Kenya hayajakosa watu kwa sababu hiyo.

Basi ukiniuliza polisi walazimishwe kusoma haki, nasema ndiyo, na ningeongeza mambo ambayo kusoma peke yake hakuyafikii. Sauti irekodiwe. Uingereza mahojiano ya watuhumiwa yalianza kurekodiwa kwa kanda chini ya sheria yao ya polisi ya 1984, wakati ule wa kaseti. Leo kila kituo kina simu yenye kinasa sauti mfukoni mwa askari. Ubishi wa alisomewa, hakusomewa, ungeisha kwa kubonyeza kitufe. Pia ningetaka ungamo la polisi linalokanwa mahakamani lisimfunge mtu kama halikurekodiwa wala kurudiwa mbele ya mlinzi wa amani.

Mlinzi wa amani tunaye tayari, na watu wengi hawamjui. Mara nyingi ni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Mtuhumiwa anayetaka kukiri anapelekwa kwake, na askari aliyemleta anatakiwa abaki nje. Halafu hakimu anamuuliza: ulikamatwa lini na wapi? Ulilala wapi kabla ya kuletwa hapa? Kuna mtu aliyekutisha, au kukuahidi chochote? Unataka kusema kwa hiari yako? Anamwangalia na mwili kama ana majeraha, na anamwambia kwamba atakachosema kinaweza kutumika dhidi yake. Kwangu mimi huko ndiko kusomewa haki kwenyewe, kwa sababu anayeuliza hana haja na jibu. Hata hapo pana tundu, kwani mtuhumiwa anajua kwamba akitoka mle ndani anarudi mikononi mwa askari wale wale, na wako waliokiri mara ya pili kwa hofu ya usiku unaokuja. Bado ni bora kuliko benchi la kituoni.

Kwa kaka yako sasa. Polisi wakimwita tena kwa maswali ya nyongeza, ajitaje jina na anuani, kisha aseme kwa adabu kwamba mengine atayasema akiwa na wakili. Kama alipigwa na alipewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tafuta nakala yake hospitalini. Kama hakupewa, watafute waliomwona siku alipotoka, hasa aliyemwosha au kumkanda. Kama uwezo wa wakili haupo, ulizeni wilayani watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Kuna dakika moja mahakamani ambayo lazima aijue kabla haijafika. Shahidi wa polisi atasimama, ataitambua karatasi, na wakili wa serikali ataomba ipokelewe kama kielelezo. Hakimu atamgeukia mshtakiwa: una pingamizi? Wasio na wakili wengi hapo hujibu, sina, mheshimiwa, wakidhani watajieleza zamu yao ya utetezi ikifika. Zamu hiyo ikifika wanaambiwa wamechelewa, kielelezo kilishaingia bila kupingwa. Apinge pale pale, na achague sababu ya kweli mapema, kwa sababu huwezi kusema sikutoa maelezo kabisa, kisha useme niliyatoa kwa kupigwa. Ukisema yote mawili unajiangusha mwenyewe. Kama alisaini kwa kutishwa, aseme alitishwa. Kama saa hazilingani, aseme yaliandikwa nje ya muda, hilo halipingani na lile la kwanza. Akipinga hiari, kesi kubwa itasimama na hakimu atasikiliza kwanza kesi ndogo ndani yake: yule koplo ataeleza alimwonya vipi na saa ngapi, na kaka yako atapata nafasi ya kumuuliza maswali. Swali la kwanza liwe: kituo kina daftari la mahabusu, umelileta?